Mkono Upande wa Kaskazini

Jumapili ya Mama shule yetu humwagika watu kama gunia lililotobolewa na panya. Magari hupanda kilima tangu asubuhi, akina mama hushuka wakiwa wamevaa vizuri, huwabusu hadharani vijana ambao muhula mzima wamekuwa wakijifanya wanaume, kisha huwachukua kwenda mjini kula nyama ya mwanakondoo. Ilipofika saa nne, bwenini tulibaki mimi, paka wa matroni, na harufu ya soksi.

Mama yangu hajafa, nisije nikapewa huruma nisiyostahili. Yuko Perth, Australia, na mume mpya na mtoto mpya, katika nchi ambayo mimi nikinywa chai ya saa nne yeye anapika chakula cha usiku. Alikuwa amenitumia ujumbe: *Ifurahie siku yako, mpenzi.* Siku ilikuwa yake, si yangu, lakini sikumsahihisha.

Nilikuwa kitandani nikilitafakari dari, kazi ambayo nina kipaji nayo, matroni alipochungulia mlangoni.

"Pascoe, vaa viatu. Bi Garside wa kanisani anakutaka."

"Safari hii sijafanya kitu, Matroni."

"Najua. Na mimi nimeshangaa. Kasema uende mwenyewe, uende sasa hivi, na unawe mikono."

Bi Garside ni mzee wa kanisa la Mtakatifu Oswald, Aldersike, kule bondeni chini ya shule. Mimi naye tulifahamiana kwa kesi mbili. Ya kwanza ilitokea wakati wa Majilio, pale vile vichwa vya mawe vilivyochongwa chini ya ukingo wa paa, wafalme na mashetani na mwanamke mmoja mwenye maumivu ya jino, vilipokutwa asubuhi vimevaa kofia za sufu. Aliyevivalisha hakuthibitishwa. Mimi niliamriwa tu kuzivua, kwa sababu ndimi niliyejua ngazi ilikofichwa. Kesi ya pili ilihusu tundu la mshazari lililotobolewa ukutani karibu na madhabahu, ambalo watu wa kale walichungulia ili waone mkate wa ekaristi ukiinuliwa. Niliwaeleza watalii kwamba tundu hilo lilikuwa la kumpitishia padri mkate na jibini mahubiri yakizidi. Mtalii mmoja aliandika. Bi Garside alinisikiliza mpaka mwisho, akanitoa nje kwa sikio, na nilipogeuka nilimwona ameegemea nguzo, mabega yanatikisika. Sikujua kama anacheka au analia. Mwezi huo alikuwa amemzika mumewe, Wilf.

Nilimkuta upande wa kaskazini, ambako hakuna mtu anayependa kwenda. Jua halifiki huko. Ukuta umeota kijani mpaka kwenye madirisha, na kuna mlango mdogo ambao zamani uliachwa wazi mtoto anapobatizwa ili shetani apate pa kutokea. Makaburi ya huko ni ya wageni, ya waliokufa maji, na ya waliojiua. Na la Wilf, ambaye aliacha maagizo azikwe hapo. Karibu na kazini, alisema.

"Umenawa?" aliuliza Bi Garside.

"Nimenawa."

"Hebu." Aliigeuza mikono yangu kama mtu anayechagua samaki sokoni. "Baridi kama nini. Haya, ndiyo tuliyo nayo. Sasa nisikilize. Watu wanasema wewe ni mwongo."

"Watu husema mengi, Bi Garside."

"Nyamaza, nakusifu. Nataka mwongo mzuri. Waongo wabaya ninao, wamejaa kamati nzima."

Ili jambo hili lieleweke, sharti niseme juu ya kumbatio. Jumapili ya Mama, baada ya ibada, Aldersike hulikumbatia kanisa lake. Watu wote hutoka nje, hushikana mikono, na kulizunguka jengo zima, nyuso zikitazama ukuta. Kijiji cha jirani hufanya hivyo wakitazama nje, nasi huwahesabu kuwa wapagani. Mchungaji husimama kwenye mlango wa kusini. Kila mtu akishatulia, yeye humbana mkono jirani yake wa kulia, naye humbana anayefuata, na mbano husafiri hivyo kimyakimya, kupita upande wa mashariki, kupita kaskazini, kuzunguka mnara, mpaka umfikie Mchungaji katika mkono wake wa kushoto. Hapo kengele hupigwa, na watu hula keki.

Na kuna sheria moja, ya zamani kuliko askofu yeyote: mwaka ambao mbano umerudi, ni marufuku mtu kusimama na kusema kanisa lifungwe. Mwaka huu sheria hiyo ilikuwa na kazi. Mchungaji Odgers, mwanamke mwenye parokia saba na gari moja bovu, alikuwa na karatasi ya dayosisi ndani ya mkoba wake, na kila mtu alijua inasema nini. Mbano usiporudi, angeisoma hapohapo uwanjani na kura zingepigwa. Mtakatifu Oswald lingetiwa kufuli, na kufunguliwa siku ya Krismasi tu.

"Basi sisi tusimame, mbano urudi," nikasema. "Uongo uko wapi hapo?"

Bi Garside alitazama kulia na kushoto. Palikuwa na kunguru tu.

"Mduara haujafunga tangu kabla hujazaliwa," alisema.

Alinieleza bila kupamba. Watu walipoanza kupungua, mduara ulipasuka, na ukapasukia huku, kwa kuwa huku ndiko wanakotaka kusimama wachache kuliko kwingine. Yeye na Wilf wakajitolea kusimama kaskazini, mmoja kila upande wa pengo. Viegemezo vya mawe vinavyouzuia ukuta usianguke vimejitokeza nje kama mbavu, hivyo jirani wa Wilf hamwoni Bi Garside, na jirani wa Bi Garside hamwoni Wilf. Kila mmoja akaunyoosha mkono wake mtupu kumwelekea mwenzake. Mbano ukimfikia Wilf, alisema kwa sauti ya chini, "Haya, Muriel," na Muriel akambana jirani yake. Mbano ukaendelea na safari yake kana kwamba umepita kwenye mikono ya watu. Huko kusini watu wakashangilia. Mwaka baada ya mwaka.

"Mwanzoni vidole vyetu vilikaribia kugusana," alisema. "Baadaye pakawa na nafasi ya mtu. Kisha ya gari la farasi. Wilf alikuwa akisema, Muriel, ndoa gani hii, kila mwaka unasogea mbali."

Alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu kwaya yenu imekwenda kuimba mjini, nusu ya kijiji ina mafua, na Wilf yuko pale." Alionyesha kaburi kwa kidevu. "Wewe utashika nafasi yake. Mbano ukikufika, utasema maneno yake. Usikohoe, usiongeze lolote, usinichekeshe. Na ukimwambia mtu, nitajua ni nani aliyezivalisha kofia zile sanamu."

"Hilo halijathibitishwa."

"Ngazi ilikuwa nyuma ya banda langu, mpuuzi wewe."

Niliutazama ukuta ili nipate pa kuweka uso. Kama hujawahi kutazama ukuta ule, unaona mawe tu. Ukiutazama vizuri unaona matao makubwa, moja baada ya jingine, yamezibwa kwa mawe madogo ya rangi nyingine, kama midomo iliyojazwa chakula. Nilikuwa nimeyaona mara nyingi na kuyadharau.

"Hapa palikuwa ndani," alisema Bi Garside. "Hapa tuliposimama mimi na wewe. Enzi za pesa ya sufu kijiji kilijaa, wakaongeza ubavu mzima upande huu. Halafu ikaja tauni. Waliobaki walikuwa wachache, kanisa likawapwaya. Wakaubomoa ubavu, wakaziba matao, wakaishi na kilichobaki."

"Mchungaji anasema paa lilioza."

"Mchungaji ni mtu wa mjini. Walilipunguza ili mikono ifike." Alilipiga tao kofi dogo, kama mtu ampigavyo farasi begani. "Wale walikuwa na moyo. Sisi tunadanganya tu."

Kuhusu ibada sina mengi ya kusema. Mahubiri yalihusu kina mama. Nilikaa nyuma, kwenye benchi lenye simba aliyechongwa kwenye ncha yake, ambaye vizazi vya watoto waliochoka wamemsugua mpaka amebaki na sura ya mbwa aliyefiwa. Watoto wa kijiji waligawa vishada vya maua ya machipuko, kila mtoto ampelekee mama yake. Msichana mwenye makamasi alinipa changu.

"Kampe mama yako," alisema.

"Yuko mbali."

"Basi kimbia."

Nilikitia mfukoni.

Tulipotoka nje na kuanza kushikana mikono, niliona mara moja kwamba hesabu ya Bi Garside ilikuwa ya matumaini. Mduara uliponifikia ulikuwa umeishia kwenye kona ya sakristia, kile chumba cha mavazi kilichobandikwa ukutani upande wa kaskazini kama sanduku. Mimi nilikuwa upande wa mashariki wa sanduku hilo. Bi Garside alikuwa ng'ambo yake, huko kwenye matao yaliyozibwa. Hatukuonana. Miaka yote kati yake na Wilf palikuwa na hewa tu. Sasa kati yetu palikuwa na chumba kizima.

Jirani yangu wa kushoto alikuwa Dakin, mfugaji wa kondoo, mtu ambaye hutumia maneno kama vile yanakatwa kodi. Aliupokea mkono wangu bila kunitazama. Wake ulikuwa kama gome la mti, na wa moto. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alinishika mkono bila nia ya kunipeleka kwa mwalimu mkuu. Mkono wangu wa kulia niliunyoosha hewani, kama nilivyoagizwa, na upepo ukapita katikati ya vidole.

"Kimya," sauti ya Mchungaji ilisikika kutoka kusini, mbali kama ya mtu aliye bondeni.

Pua yangu ilikuwa karibu kuligusa jiwe. Mbele ya macho yangu palikuwa na alama ndogo iliyokwaruzwa, kama mshale wenye mkia uliovunjika, alama ya mwashi aliyelichonga jiwe hilo. Niliikodolea macho kwa kuwa sikuwa na pengine pa kutazama. Kuna mtu aliwahi kusimama hapa na patasi yake, katika kivuli hikihiki, mikono yake ikiwa baridi kama yangu, akaona ni vema jiwe limkumbuke. Jina lake hakuna alijuaye. Kunguru walinyamaza. Niliwaza kwamba kuanzia mkono wangu wa kushoto hadi mlango wa kusini ulimwengu wote umeshikana, na kuanzia wa kulia hakuna kitu.

Dakin alinibana.

Ulikuwa mbano wa kawaida, wa mtu anayejaribu embe... hapana, Dakin hajawahi kushika embe. Wa mtu anayekagua mguu wa kondoo. Lakini nilijua umetoka mbali na umepita kwa wengi, na sasa uko kwangu, na kwangu ndiko utakakofia.

"Haya, Muriel," nikasema, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza.

Ningejuaje kama amesikia? Nilitega sikio nisikie nguo, mguu, chochote. Palikuwa na upepo tu unaozunguka kona ya sakristia na kurudi kwangu.

"Haya, Muriel."

Hakuna. Nikizidisha sauti, kusini watasikia. Nikinyamaza, Mchungaji atangoja, ataushusha mkono wake wa kushoto, ataufungua mkoba. Nilihisi jasho mgongoni, mimi ambaye nimewahi kusimama mbele ya bodi nzima ya shule na kuapa kwamba mbuzi aliingia maktaba kwa hiari yake.

"Hakusikii," alisema Dakin.

Nilidhani nimeota. Alikuwa bado anatazama ukuta.

"Nani?"

"Muriel. Sikio lake la kushoto limekufa, na chumba kiko katikati. Kimbia."

"Mzee, wewe unajua?"

"Kijana, nimesimama hapa tangu sijaota ndevu. Unadhani sijui kwamba Wilf alikuwa anaongea na ukuta?" Aliufungua mkono wake, akaachia wangu. "Wote wa upande huu tunajua. Yeye tu ndiye asiyejua kwamba tunajua. Sasa kimbia, na usimwambie. Itamuua."

Nilikimbia. Nilizunguka sakristia nikiteleza kwenye matope, nikaliruka kaburi la Wilf, nikaomba radhi nikiwa hewani, nikatokea kwenye matao.

Bi Garside alikuwa amesimama wima, paji la uso karibu na jiwe, macho ameyafumba. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepotelea nyuma ya kiegemezo, umeshikwa na mtu. Wa kushoto ameunyoosha upande wangu, kiganja wazi. Nyuma ya mkono ule hapakuwa na chochote, majani tu, na mawe ya makaburi ya watu ambao hakuna aliyekuwa akiwatembelea. Alikuwa akisimama hivyo kila mwaka, nilifikiri. Hata Wilf alipokuwepo, alisimama hivi.

Sikusema yale maneno. Niliuweka mkono wangu ndani ya wake, nikabana.

Hakufumbua macho. Nilimwona bega la kulia likisogea, na mbano ukaenda zake, nyuma ya kiegemezo, kuelekea mnarani. Lakini mkono wa kushoto hakuuachia. Aliushika kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mwanamke wa umri wake, nami nikauacha hapo. Tulikaa hivyo. Sijui kwa muda gani; ukuta hauna saa.

Kisha kusini wakapiga kelele, na kengele ikalia juu yetu mpaka vumbi la chokaa likatuangukia kichwani.

"Umechelewa," alisema Bi Garside.

"Samahani."

"Sikusemeshi wewe." Alifumbua macho, akanitazama mkono kisha uso. "Usinitazame hivyo, sijarukwa na akili. Najua ni wewe tangu uliponigusa. Wilf hakuwa na mikono ya chura."

Akauachia, akatoa kitambaa, akapenga kwa mlio.

"Dakin hakuona ulipoondoka?"

Nilimtazama usoni. Uongo mzuri, kwa wale wanaotaka kujifunza, hauna maneno mengi.

"Hakuona kitu. Alikuwa anasali."

"Dakin? Anasali?" Alifikiri. "Basi huenda bado kuna matumaini."

Upande wa kusini kulikuwa na jua na keki ya Kwaresima, ile yenye viduara vya lozi juu yake. Watu walikuwa wakipigana mabega na kuulizana habari za mafua. Niliwatazama wale wa upande wa kaskazini, nikawaona mmoja mmoja wakimwendea Bi Garside, kumpa mkono, kumwambia mwaka huu umekwenda vizuri, naye akiwashukuru kwa uso wa mtu anayeficha hirizi. Dakin alikula vipande vingi vya keki na hakunitazama hata mara moja.

Mchungaji Odgers alitujia na mkoba wake.

"Mwaka huu mbano umechukua muda," alisema.

"Umezeeka kama sisi," alijibu Bi Garside.

Mchungaji alivitazama viatu vyangu, ambavyo vilikuwa vimejaa matope meusi mpaka kwenye kifundo, matope ambayo upande wa kusini hayapo. Alivitazama vya kutosha. Kisha akaifunga zipu ya mkoba, akaomba kipande cha keki chenye lozi mbili.

Nilimsindikiza Bi Garside mpaka kwenye lango. Alisimama akalitazama kanisa kama mtu anayepima nguo kwa macho.

"Mwakani pengo litapita sakristia," alisema. "Labda na dirisha la kwanza. Wewe mwakani uko wapi?"

"Nitakuwa nimemaliza shule."

"Kwa mama yako?"

"Labda."

"Vizuri. Kijana akae kwa mama yake." Alivuta kofia masikioni. "Nitatafuta mwongo mwingine."

Nilikumbuka maua mfukoni, nikayatoa. Yalikuwa yamelala upande mmoja. Nikamnyooshea.

"Hayo si yangu," alisema, bila ukali. "Mimi sikujaliwa mtoto. Nenda nayo, yape maji." Akaenda zake na njia ya ukutani, akizunguka kanisa kwa upande mrefu, ule wa kaskazini.

Bwenini hapakuwa na mtu bado. Paka alikuwa amehamia kitandani kwangu. Niliyatia maua kwenye kikombe cha mswaki, nikayaweka dirishani, nikayapiga picha nikamtumia mama. Perth ilikuwa imelala. Kutoka dirisha lile unauona mnara tu, na juu yake kunguru wakirudi. Magari yakaanza kupanda kilima, vijana wakashuka wameshiba, wakifuta mashavu.

Jibu lilikuja asubuhi, tukiwa tunapiga foleni ya uji. Maua mazuri sana, mama aliandika. Niliyanunua wapi? Na je, nilipata mtu wa kuwa naye siku nzima?

Nikamjibu kwamba nilikuwa na watu wengi mno. Tulishikana mikono, tukalizunguka kanisa lote, na mduara ukafunga.